Farasi Aliyeguswa

Kete ikiguswa imechezwa. Hiyo ndiyo sheria ambayo fundi wa friji aliishika kuliko watu wengi wanavyoishika dini yao, na hiyo ndiyo aliyokuja kuivunja. Kwenye chesi maana yake ni nyepesi. Zamu ikiwa yako, ukishaishika kete yako kwa nia ya kuisogeza, huna ruhusa ya kubadili mawazo. Utaisogeza hiyo hiyo, hata kama macho yamefunguka ukaona unakwenda kujichinja. Kama unataka tu kuinyoosha kete iliyokaa upande, unasema kwanza "Narekebisha," ndipo unaigusa. Ni neno moja. Asiyelisema amecheza.

Karakana ya fundi ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa kukunja, na friji za watu zimesimama humo milango wazi kama wagonjwa wanaosubiri kuangaliwa koo. Alikuwa mtu wa kazi safi. Hakumwambia mteja kwamba mashine imekufa wakati kilichokufa ni waya, na hakuongeza gesi mahali palipotaka kuzibwa tundu. Kwa hilo alisifiwa, na sifa zikamlevya kidogo kidogo, maana mtu mwadilifu naye hulewa, tena ulevi wake hauna harufu. Alianza kuamini kwamba kwa kuwa yeye hasemi uongo, basi anayebishana naye ndiye mwongo.

Klabu yao ya chesi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi. Ukipanda ngazi unapanda na harufu ya mpira mpya, na ukifika juu unakuta meza za kukunja, viti vya plastiki, kabati la vikombe lenye milango ya kioo, na mtungi wa maji juu ya stuli mbele yake. Wachezaji walikuwa watu wa kawaida tu: makarani, mafundi, mwalimu mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa bingwa wa kuandikwa magazetini. Fundi akitokea mlangoni, wenyewe walikuwa wakitaniana: "Sheria huyo anaingia, ficheni vidole!" Yeye hakucheka. Alijua wanamwogopa, na kuogopwa kulimpendeza.

Miaka miwili kabla ya mchezo huu ninaousimulia, alikutana kwenye fainali ya klabu na shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye kazi yake ilikuwa kukata vioo vya madirisha. Mkata vioo alikuwa mtu wa maneno mengi na mikono mitulivu. Katikati ya mchezo alinyoosha kidole akamweka sawa askofu wake. Alisema "Narekebisha," au ndivyo alivyodai. Kama alisema, alisemea kooni. Fundi akanyanyua mkono kumwita mwamuzi.

"Amemgusa askofu. Amchezeshe."

"Shemeji, nimesema narekebisha."

"Sikusikia."

"Sasa masikio yako ndiyo sheria?"

Mwamuzi, muuguzi mstaafu ambaye klabu nzima walimwita Bi Mkubwa, aliuliza meza za jirani. Hakuna aliyesikia kitu. Walikuwa wamezama kwenye mbao zao. Mkata vioo akalazimishwa kumsogeza askofu, akafungwa mchezo, akakosa nafasi kwenye timu ya klabu. Hayo yangeweza kupita. Lakini fundi, wakati watu wanakunja meza, alitamka mbele ya wote: "Mwongo wa ubaoni ni mwongo wa kazini."

Neno lilishuka ngazi kabla ya wenyewe. Wateja wakaanza kumchokoza mkata vioo: "Hicho kioo umekipima, au umekirekebisha?" Walikuwa wanacheka, lakini mwenye nyumba mmoja aliyekuwa amemwahidi kazi ya jengo zima akaipeleka kwa mwingine. Tangu siku hiyo mkata vioo hakukanyaga tena nyumbani kwa dada yake.

Dada mtu alikuwa mwalimu wa chekechea, naye ndiye aliyeumia kuliko wote. Mama yao alifariki mapema, na yeye ndiye aliyembeba mgongoni mdogo wake huyo, akamlisha, akampeleka shule. Sasa ikawa wanaonana kwa dakika chache nje ya geti la chekechea, wamesimama kando ya barabara kama watu wanaouziana kitu cha magendo. Ndugu zake walipomsema mumewe, alimtetea kwa uchungu. Akifika nyumbani alimgeuzia kibao.

"Wale watoto wangu wanapigana kwa ajili ya penseli, saa ya uji wameshasahau," alimwambia. "Nyie wazee wazima mnagombania kipande cha mti!"

"Si mti, Mama Mapacha. Ni ukweli."

"Ukweli gani usiomruhusu hata ndugu kuingia kunywa chai?"

"Aje aseme alidanganya, mlango uko wazi."

"Na kama hakudanganya?"

Fundi alikuwa akifika hapo anachukua bisibisi na kutafuta kitu cha kufungua.

Mashindano ya mwaka yalipofika, ratiba ikawaweka wawili hao meza moja, raundi ya mwisho. Mwalimu aliposikia hakulia wala hakusihi. Alimwita mumewe sebuleni, akampigia simu mdogo wake, akaiweka simu mezani sauti ikiwa juu ili kila mmoja asikie.

"Nimechoka," alisema. "Atakayefungwa Jumamosi atakuja hapa, kwenye kochi hili, Jumapili mchana, amwombe mwenzake radhi kwa yale ya askofu. Atakayeshinda ataipokea, na neno litakufa. Sijali ni nani. Nani anakataa?"

Mkata vioo akasema, "Dada, mimi sikukosea."

"Sijauliza hilo."

"Sawa. Nakubali. Mwambie huyo bwana wako alete na masikio yake."

"Nakusikia," fundi alisema.

"Afadhali leo umesikia."

Basi ukiona fundi anapanda zile ngazi Jumamosi mchana, ujue hakuwa anapandia kikombe. Kikombe chenyewe kilikuwa kimeshachukuliwa na karani mmoja wa bandari aliyewaacha wote mbali. Fundi alikuwa anapanda ili asije akaketi kwenye kochi lake mwenyewe, mbele ya mke wake, akamwambia yule mtu: nilikuonea. Kwake hilo lilikuwa zito kuliko friji.

Walikaa. Sheria ya chesi inataka mpeane mikono; walipeana kama mtu anavyogusa pasi kuona kama imepata moto. Fundi alipata kete nyeupe.

"Leo nitasema kwa sauti ya adhana," mkata vioo alisema huku akisogeza kiti. "Nikitaka hata kukohoa nitakuarifu."

"Cheza."

"Zamu ni yako, Sheria. Mweupe ndiye anaanza. Au na hiyo umeibadilisha?"

Meza ya jirani mtu akacheka puani. Bi Mkubwa akagonga kalamu: "Nyie wawili, midomo!"

Fundi alicheza kama alivyofanya kazi, polepole, akikaza kila skrubu kabla ya kwenda kwenye nyingine. Mkata vioo alicheza haraka, akibonyeza saa kwa kidole kimoja na kumtazama usoni, si ubaoni. Kila alipoua askari aliiweka ile kete ndogo upande wa fundi kabisa, karibu na kiwiko chake, mahali ambapo lazima aione. Fundi akaisogeza. Nyingine ikawekwa pale pale.

"Hiyo ni tabia gani?"

"Nakupangia marehemu wako, shemeji, usiwapoteze."

Mchezo ulipokomaa, mkata vioo aliiteremsha ngome yake kwenye mstari ule ule aliokaa malkia wa fundi. Kati yao alisimama farasi wa fundi peke yake, kama mlango kati ya mwizi na chumba. Halafu mkata vioo akanyanyuka kwenda kunywa maji kwenye mtungi, kwa madaha, mikono mfukoni. Ni ruhusa, zamu haikuwa yake.

Fundi aliona kitu kingine kabisa. Aliona upande wa kushoto askari mweusi asiye na mlinzi, ambaye farasi wake angeweza kumla kwa mruko mmoja. Damu ikamchemka kwa tamaa ya kumrudishia yule mtu marehemu wake mmoja. Mkono ukatoka. Vidole vitatu vikamkamata farasi kichwani, vikamwinua mpaka kitako kikaachana na ubao.

Ndipo alipoiona ile ngome.

Farasi akitoka pale, mlango uko wazi, malkia ameliwa, na bila malkia mchezo umekwisha. Na farasi alikuwa ameshaguswa. Hakukuwa na "narekebisha." Hakukuwa na la kubishania. Kama angekuwa ni mtu mwingine yeyote kwenye ukumbi ule, fundi angenyanyua mkono kumwita mwamuzi kabla kete haijatulia.

Alitazama. Meza ya kulia walikuwa wameinamisha vichwa. Bi Mkubwa alikuwa mwisho wa ukumbi akiamua ugomvi wa saa. Shemeji yake alikuwa amempa mgongo, amesimama mbele ya kabati la vikombe, anakunywa maji taratibu.

Akamrudisha farasi chini. Akamsogeza malkia kando, mahali salama, akabonyeza saa.

Watu hupenda kusema kwamba shetani alimzidi nguvu. Mimi sikubali maneno hayo. Alikuwa na akili zake zote, aliangalia kulia na kushoto kwanza, na mtu anayeangalia kulia na kushoto anajua anavuka nini.

Mkata vioo alirudi akakaa. Hakutazama malkia alikokwenda. Alimtazama farasi, ambaye kwa ile haraka alikuwa amekaa upande, nusu ya kitako kwenye mraba wa jirani. Akamtazama muda mrefu, saa yake ikiwa inakwenda. Kisha akanyoosha ule mkono wake mtulivu.

"Narekebisha," alisema, kwa sauti iliyowainua watu vichwa meza tatu mbele. Akamshika farasi wa fundi kwa ncha za vidole, akamweka katikati ya mraba wake, akamgeuza uso umtazame fundi mwenyewe. "Alikuwa amekaa vibaya. Sijui nani amemsukuma."

Fundi alihisi masikio yanawaka. Hapo bado alikuwa na nafasi. Angeweza kusema, "Nimemgusa mimi," amchezeshe, apoteze malkia, aombe radhi kwenye kochi, na akae na jina lake. Alifikiria kwamba labda yule mtu anabahatisha tu. Alifikiria kwamba hakuna shahidi. Alifikiria mambo yote isipokuwa lile moja la kusema kweli.

"Cheza," alisema.

"Nacheza, Sheria. Nacheza."

Kuanzia hapo mkata vioo hakusema utani tena. Alicheza kama mtu anayesubiri basi. Fundi akashika usukani, akasukuma mbele, na baada ya muda yule yule farasi aliruka katikati ya kete nyeusi akamtishia mfalme na ngome kwa pigo moja. Mfalme alilazimika kukimbia, ngome ikaliwa. Mkata vioo hakutafuta hata njia ya kupona. Alimlaza mfalme wake ubaoni, akatoa mkono.

"Hongera, shemeji. Kesho mchana nitakuwa kwako. Mimi nikisema neno, nimelisema."

Jumapili mwalimu alifagia sebule mara mbili. Alitandika kitambaa cha meza cha wageni, akatoa vikombe vyenye visahani, akachemsha chai mapema hadi ikabidi aichemshe tena. Alikuwa akiimba chini chini. Fundi alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha akijaribu kusoma karatasi ya maelekezo ya friji, na hakugeuza ukurasa.

Mdogo mtu akaja. Dada yake alimpokea mlangoni kwa mikono miwili, akamkalisha kwenye kochi, akamwambia amekonda, akamwambia amenenepa, akacheka mwenyewe. Akammiminia chai.

"Dada, kaa kwanza," mkata vioo alisema. "Nimalize nililojia."

Alikaa.

"Shemeji, mbele ya dada yangu, nakuomba radhi. Nilimgusa askofu wangu. Uliniambia sikusema kitu, mimi nikasema nilisema. Neno lako lilishinda. Naomba unisamehe."

Aliyasema wima, bila kebehi. Mwalimu alishika kinywa. Kisha akamgeukia mumewe, macho yamejaa maji na furaha, kama mtu anayemshikia mwenzake mlango apite.

Nafasi hii ilikuwa ya pili, na ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwanza. Fundi alimtazama mke wake, akauona uso ule, akaona aibu kuuharibu. Ndivyo alivyojiambia. Akasema, "Nimekusamehe. Yameisha."

"Yameisha!" mwalimu alipiga makofi. "Jamani, ilikuwa vigumu hivyo? Kunyweni chai!"

Mkata vioo hakuchukua kikombe. "Dada, umemsikia? Amenisamehe."

"Nimemsikia, mdogo wangu."

"Vizuri. Sasa muulize kuhusu farasi."

"Farasi gani?"

"Yeye anamjua."

Mwalimu alicheka kidogo, akamtazama mumewe, kicheko kikaishia njiani. Miaka yote aliyofundisha watoto wadogo ilikuwa imemfunza sura ya aliyekula kitu cha mwenzake.

"Baba Mapacha. Farasi gani?"

"Ni mambo ya mchezo tu."

"Ulimgusa?"

"Sikumsogeza."

"Sikuuliza kama ulimsogeza. Nimeishi na wewe, hiyo sheria naijua mpaka ndotoni. Ulimgusa?"

Fundi alikunja ile karatasi ya maelekezo mara nyingi mpaka haikukunjika tena. "Nilimgusa."

"Na alipokuwa anakuomba radhi hapa, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukamsamehe!" Hilo hakulisema kwa kelele. "Umekaa hapo, kwenye nyumba yangu, ukamsamehe!"

"Na wewe," fundi alimgeukia mkata vioo, sauti imepanda, "kama uliona, kwa nini hukumwita mwamuzi? Ulinyamaza makusudi! Ulinitega!"

"Niliona kwenye kioo cha kabati. Kile kioo nilikikata mimi, najua kinaonyesha nini." Mkata vioo alisimama akajinyoosha shati. "Nimwite mwamuzi nimwambie nini? Ingekuwa neno langu na neno lako, shemeji. Na neno langu ulishaliua pale pale ukumbini, mbele ya wote. Sikukutega. Nilikurekebishia farasi, nikakupa na muda. Kisha nimekuja mpaka hapa nikakupa tena. Mkuki kwa nguruwe, eh?"

"Mdogo wangu, kaa," mwalimu alisema.

"Hapana, dada. Ahadi yangu nimetimiza. Wewe nitakuona pale pale getini kwako." Akamshika dada yake bega, akaondoka, na hakuufunga mlango kwa kishindo. Mtu wa vioo hafungi mlango hivyo.

Mwalimu alikusanya vikombe. Cha mdogo wake kilikuwa kimejaa. Alikimwaga kwenye sinki, akasimama hapo na mgongo umegeuka.

"Mama Mapacha, nitakwenda klabu nikaseme."

"Nenda."

"Nitamwambia Bi Mkubwa mwenyewe."

"Si nimesema nenda? Unataka nikushike mkono kama watoto wangu?"

Alikwenda, hilo lisemwe. Bi Mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho, amevaa miwani kwenye ncha ya pua, kisha akamwambia kwamba mashindano yameshafungwa na matokeo ya mchezo uliokwisha kusainiwa hayabadilishwi kwa sababu mtu amekosa usingizi. Fundi akaomba basi watu wakusanyike awaambie. Akawaambia. Hakuna aliyezomea. Mtu mmoja nyuma alisema tu, "Nyani haoni kundule," na wengine wakaendelea kupanga kete. Hilo lilimchoma kuliko kuzomewa, maana aligundua kwamba kwa miaka yote ile walikuwa wakingojea siku hiyo, na sasa imefika na wala haikuwashangaza.

Alimfuata shemeji yake kwenye banda la vioo. Akamkuta ameinama juu ya meza, anapitisha kikatio. Aliomba radhi vizuri, kwa maneno kamili, ya askofu na ya farasi, na ya lile neno la uongo wa kazini.

"Nimekusikia," mkata vioo alisema bila kuinua uso, akakigonga kioo kwa chini kikagawanyika sawasawa. "Sogea, utakatwa."

Msamaha hakuutoa, wala si lazima mtu autoe. Radhi iliyoombwa baada ya kukamatwa ni kama dawa baada ya mazishi. Ni vizuri kuinunua, lakini haimfufui mtu.

Fundi aliacha chesi. Karakana bado anaifungua kila asubuhi, na kazi yake bado ni safi. Mkewe hakumwacha, anampikia, anamuuliza habari za kazi, na ndugu zake wakimsema mumewe siku hizi anawasikiliza mpaka wamalize. Mdogo wake anamwona kando ya barabara, nje ya geti. Ushindi ule ulimgharimu fundi shemeji yake na imani ya mke wake, na mpaka leo hajarudishiwa hata kimoja.